Kumpokea nyumbani mtu uliyempata mtandaoni: mwongozo kamili, kuanzia tangazo hadi wiki ya kwanza

Malalamiko ni yaleyale. Mtu anayetaka dada wa kazi kaandika kwenye grupu, "Natafuta beki tatu, awe mwaminifu, apende watoto." Wamejibu wengi, kachagua mwenye picha ya heshima na maneno ya upole, katuma nauli, na tangu hapo simu haipatikani. Mwingine mgeni kafika kweli, kakaa siku nne, kaondoka alfajiri na simu za watu. Na wapo mabinti waliopanda basi kwenda kwa "mama wa Mbezi" wakakuta mama hayupo, yupo baba peke yake.

Wanaofeli hufelia mahali pamoja. Wanapima upole wa meseji, wanaacha kuhakiki vitu vinne: jina, namba, sura na mahali. Vinne hivi lazima vikubaliane, na nyuma yake awepo mtu mwingine unayeweza kumfuata hadi kwake. Akaunti haina mjomba wa kumwendea siku mambo yakiharibika.

Mfano nitakaoutumia ni dada wa kazi anayetoka Iringa kuja Dar es Salaam, kwa sababu ndio wenye hatua nyingi. Fundi, mnunuzi na mgeni wa mapenzi wana sehemu yao huko chini.

## Andaa hivi kabla hujajibu meseji hata moja

- Simu yenye WhatsApp na bando la kutosha kupiga simu ya video.
- Akaunti ya pesa ya simu yenye salio dogo. Usitumie laini yenye ada ya shule ya watoto.
- Google Lens, ya kutafuta picha ilikotoka mtandaoni; ipo tayari kwenye simu nyingi za Android.
- Daftari na kalamu. Ukiandika majibu kwenye karatasi utaona yanapogongana. Yakibaki kwenye chati yanapita tu.
- Mtu wa pili, ndugu au jirani, ambaye hatachati na mgeni hata mara moja. Wewe baada ya siku mbili za "shikamoo mama" utakuwa umeshampenda. Yeye bado.
- Namba ya mjumbe wako au ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.
- Mahali pa kulala mgeni, penye mlango unaofungwa kwa ndani.
- Siku tano hadi saba. Kama unamhitaji mtu kesho asubuhi, mwombe shangazi akushikie wiki hii. Haraka ndiyo inayowalisha matapeli wengi.

## Hatua ya 1: Soma tangazo na lugha yake

Usianze na picha. Anza na maneno, kwa kuwa picha inaibwa kwa sekunde moja, lakini namna mtu anavyoongea ni ngumu kuiba.

Maneno mengi ya mtandaoni hayana ubaya wowote. "Nicheki inbox" ni kawaida. "Tuma na ya kutolea" ni kawaida pia, makato yanauma. "Niko serious, sitaki usumbufu" huandikwa na waliochoshwa na waulizaji bei. Usimkatae mtu kwa sababu anaandika "xaxa" na "cjui"; vijana ndivyo wanavyochati.

Ya kutilia shaka ni haya:

"Nauli tu ndiyo kikwazo." Likija kwenye meseji ya kwanza au ya pili, kabla hajauliza watoto wangapi, mshahara kiasi gani, na atalala wapi, kaa macho. Anayetaka kazi kweli huulizia kazi. Anayetaka nauli huulizia nauli.

"Kamera ya simu yangu imekufa." Inawezekana. Basi aazime simu ya jirani kwa dakika tano. Kijiji kizima hakikosi kamera moja inayofanya kazi.

"Kuna boss mwingine ananitaka, amua leo." Mwambie aende kwa huyo boss. Ukweli utajulikana kesho asubuhi.

"Konekisheni." Kenya bado linatumika sana kwa maana ya kutafutiwa kazi. Tanzania siku hizi kijana akilisikia anafikiria video za utupu zilizovuja. Ukikutana na grupu la "konekisheni za mabinti wa kazi", toka, usiulize.

Mwisho nakili sentensi moja ya tangazo lake, itafute Facebook na Google kama ilivyo. Tangazo lilelile, makosa yaleyale ya herufi, chini ya majina matatu tofauti? Kazi imeisha hapo.

*Umefanikiwa ukiona:* anauliza maswali kuhusu kazi, na maneno yake hayapatikani kwenye akaunti nyingine.

## Hatua ya 2: Linganisha jina na namba

Hapa ndipo ukweli mwingi ulipo, na ndipo wengi wanaparuka.

Tanzania ilihamia usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kufungwa. Kwa hiyo nyuma ya kila namba kuna jina la mtu aliyeweka kidole. Wewe huruhusiwi kufungua rejista ya kampuni ya simu, ila jina unaweza kuliona bila kumwomba mtu.

Fungua menyu ya kutuma pesa, weka namba yake, weka kiasi kidogo kama shilingi 1,000. Kabla hujathibitisha mara ya mwisho, jina la mwenye namba litatokea. Liandike kwenye daftari, kisha katisha muamala. M-Pesa ya Kenya nayo huonyesha jina kabla pesa haijaondoka. Fanya polepole, kidole kisiteleze ukatuma kweli.

Sasa muulize majina yake matatu. Usimwambie umeona nini. Kama alisema anaitwa Neema na namba imetoa jina la mwanaume, muulize namba ni ya nani, halafu nyamaza, subiri jibu. Jibu la "ni ya kaka, yangu nilipoteza" linakubalika kwa sharti moja: huyo kaka apokee simu na ataje majina yake yafanane na uliyoyaona.

Kaa hapa kidogo. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ile meseji ya "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Tapeli amekutajia jina mapema ili litakapotokea tofauti na la mtu anayekudai usishtuke, umeshaandaliwa kisaikolojia. Mgeni wa mtandaoni anafanya vilevile akikuandikia, bila kuulizwa, "ukituma itatokea jina la mjomba, usijali." Mtu aliyejibu kitu ambacho hujakiuliza, rudi kwenye kitu hicho ukiulize vizuri.

Truecaller nayo inasaidia kiasi. Inaonyesha namba ilivyohifadhiwa na wengine, na ukikuta "Tapeli Nauli" umeokoa pesa zako. Lakini ichukulie kama umbea wa mtaani: inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa mtu aliyegombana na mpenzi wake.

*Umefanikiwa ukiona:* jina alilotaja na jina lililotokea ni moja, au tofauti imeelezwa na mwenye jina mwenyewe kwa sauti yake.

## Hatua ya 3: Hakikisha sura

Chukua picha yake ya profaili, iweke kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye ukurasa wa mwanamitindo wa Lagos au duka la nguo, achana naye. Isipotokea popote haimaanishi ni yake. Picha za watu wasio maarufu mara nyingi hazitokei.

Kwa hiyo angalia nyuma ya mtu. Soketi za ukutani za Tanzania, Kenya na Uganda ni zile za matundu matatu ya mstatili, mfumo wa Kiingereza. Picha "ya nyumbani Iringa" yenye soketi ya ukutani ya matundu mawili ya mviringo huenda imepigwa nchi nyingine. Angalia pia maandishi ya ukutani, kalenda, nembo kwenye ndoo na magunia. Watu hukumbuka kubadilisha jina la akaunti, hawakumbuki soketi.

Instagram ina sehemu ya "kuhusu akaunti hii" kwenye akaunti nyingi. Bonyeza nukta tatu juu. Utaona mwezi na mwaka ilipofunguliwa, na mara nyingine nchi ilipo. Akaunti iliyofunguliwa mwezi uliopita haina kosa, ila haina historia ya kukusaidia.

Kisha piga simu ya video bila kupanga saa. Mwombe atoke nje akuonyeshe anapoishi, aweke kamera kwa majirani, aseme leo ni siku gani. Dakika tatu zinatosha. Usimwombe avue mtandio, asimame, ageuke. Anatafuta kazi ya nyumbani, hayuko kwenye mnada. Mwajiri anayeomba hivyo naye ni wa kukimbiwa, na mabinti wanaosoma hapa walizingatie hilo.

*Umefanikiwa ukiona:* sura ya video ni ya picha, na mazingira yanafanana na alichokueleza.

## Hatua ya 4: Mahali na wadhamini

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii.

Omba wadhamini wawili. Mmoja ndugu wa damu, mwingine asiye ndugu: bosi wa zamani, mwalimu, mzee wa kanisa, imamu, mwenyekiti wa kijiji. Ndugu peke yake hatoshi kwa sababu atamsifia. Asiye ndugu peke yake hatoshi kwa sababu hana uchungu naye.

Matapeli wanalijua hili, na "mama mzazi" wanaye tayari. Mara nyingi ni mtu yuleyule na sauti nzito kidogo. Dawa yake ni hii: mpigie binti simu ya video kwa WhatsApp, na mkiwa mnaongea, mtu wako wa pili ampigie mdhamini kwa simu ya kawaida. Mdhamini akipokea na kuongea huku wewe unamwona binti amefunga mdomo anakutazama, basi ni watu wawili. Binti akikata video ghafla mara simu ya mdhamini inapoita, umeshajua.

Maswali kwa mdhamini yasiwe ya "je, ni mwaminifu?" Atasema ndiyo. Uliza yenye jibu la kulinganisha:

1. Nyumbani kwao ni jirani na nini?
2. Alisoma shule gani ya msingi?
3. Ni mtoto wa ngapi, na anayemfuata anaitwa nani?
4. Kwa bosi wa zamani: alikuja mwezi gani, aliondokaje, ulikuwa unamlipa tarehe gani?

Muulize binti maswali hayohayo, siku nyingine, bila kuyapanga kama mtihani. Tofauti ndogo ni kawaida. Shule ikiwa tofauti, si kawaida.

Na kumbuka, bosi wa kweli ana lawama ndogo. "Anapika vizuri ila simu, mwanangu, simu!" Au, "Kuamka ndiyo shida." Bosi anayemwaga sifa tupu, hana hata kalawama kamoja, huenda hajawahi kukaa nyumba moja na huyo binti.

Mwisho omba barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji au serikali ya mtaa anakotoka, yenye jina la mtendaji au mwenyekiti, sahihi na muhuri. Akupigie picha kwanza, na original aje nayo. Muhuri unachongwa mtaani, kwa hiyo usiishie kuutazama: piga ofisi ya halmashauri ya wilaya husika, waulize namba ya mtendaji wa kata au kijiji hicho, umpigie. Ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa Kenya nafasi hiyo hushikwa na chifu, na kuna pia cheti cha tabia njema kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi ya polisi, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

*Umefanikiwa ukiona:* mtendaji anamfahamu, au anaifahamu familia yake, na anataja jina la baba au mama kabla hujalitaja wewe.

## Hatua ya 5: Kitambulisho na umri

Tanzania kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa, hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 20040317 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 17 Machi 2004. Anayekuambia ana miaka 19 akiwa na namba hiyo, ama namba si yake ama umri si wake.

Kwenye simu ya video mwombe ashike kadi kando ya uso wake. Picha ya kadi iliyotumwa peke yake haithibitishi kitu, zinazunguka kwenye magrupu kama vipeperushi. Kama ana namba tu bila kadi, andika namba, na muulize mwaka wake wa kuzaliwa siku nyingine mkiongelea jambo lingine.

Hana NIDA kabisa? Wapo watu wazima wasiokuwa nayo. Lakini uwezekano mwingine ni kwamba ni mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Msimamo wangu uko juu ya huo wa sheria: aliye chini ya 18 asije kulala kwako kulea watoto wa mwenzake. Akitajwa na "wakala" ambaye hataki uongee na binti mwenyewe, usiishie kukataa. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya.

Nakala ya kitambulisho chake ihifadhi vizuri. Usiirushe kwenye grupu la familia kuuliza "mnamwonaje?" Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, ungependa kadi yako izungushwe hivyo?

## Hatua ya 6: Naye akuhakiki wewe

Wengi wanaona hatua hii ni mapambo. Kwa binti wa miaka 20 anayepanda basi kwenda kulala nyumba asiyoijua, wewe ndiye mgeni wa mtandaoni.

Mtumie jina lako kamili, mtaa unaoishi, namba ya mjumbe wako, na video fupi ya chumba atakacholala. Ongea na mzazi wake kwa simu, na mwenza wako naye aongee. Mwambie mshahara, tarehe ya kulipwa na siku ya kupumzika, vyote kwa meseji ili avitunze.

Ukituma nakala ya kitambulisho chako, andika juu yake kwa kalamu "kwa ajili ya ajira ya nyumbani tu" na tarehe, ndipo upige picha. Kisha kila baada ya muda piga \*106#, uhakiki namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ifutwe.

*Umefanikiwa ukiona:* mama yake amekupigia na kukuhoji. Mama anayeuliza "mwanangu atalala wapi, na nani yupo nyumbani mchana?" ni mdhamini bora kuliko muhuri wowote.

## Hatua ya 7: Nauli bila kuliwa

Kanuni ni moja: usitume nauli, kata tiketi.

Piga ofisi ya basi linalofanya safari ya Iringa–Dar, lipia wewe mwenyewe kwa namba ya malipo ya kampuni, tiketi itoke kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Muulize karani namba ya kiti na namba ya basi. Mtumie binti picha ya tiketi. Anayetaka kuja atashukuru. Anayetaka pesa ataanza: "Naomba unitumie tu nikate mwenyewe, kuna basi la bei nafuu", "Nadaiwa dukani siwezi kuondoka", "Mtoto wa dada kaugua ghafla."

Pesa ya bodaboda hadi stendi na ya kula njiani ni haki yake. Itume akiwa ameshakaa kwenye kiti na amekupigia video. Utasikia injini na konda anahesabu watu. Iwe ndogo, kiasi ambacho ukikipoteza hutakosa usingizi.

Akikosa basi? Ongea na ofisi ya basi, siyo naye. Watakuambia kama kiti kilikuwa kitupu.

*Umefanikiwa ukiona:* anapiga kutoka Mikumi kuuliza kama hao ni twiga kweli.

## Hatua ya 8: Kumpokea

Basi likiishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kuwepo kabla halijaingia. Usimtume bodaboda. Pale getini kuna watu wanaojua kumtambua binti mgeni kwa begi lake tu, na neno "mimi ndiye nimetumwa na mama" wanalo mdomoni.

Wewe ukiwa mwanaume, nenda na mke, dada au jirani mwanamke. Kubaliana na binti mapema swali la kukuuliza kabla hajakukabidhi begi, kwa mfano jina la mtoto wako mdogo.

Nyumbani, kwanza ale na alale. Maelekezo ya jiko la gesi na mashine ya kufulia yasubiri kesho.

Ndani ya siku mbili tatu mpeleke kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na ile barua. Aandikwe kwamba anaishi kwako. Hii inakulinda wewe akiondoka na mali, na inamlinda yeye ukimgeuka. Kenya, mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa 2013 unabeba wazo hilohilo.

Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: kazi, saa, mshahara, mapumziko, taarifa ya kuacha kazi. Kila mtu nakala yake. Kadi yake halisi arudishiwe hapohapo. Kumfungia mtu kitambulisho kabatini "ili asitoroke" ni kumgeuza mateka, na mateka ndiye anayetoroka.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Mtu mzima wa nyumba awepo mchana angalau siku tatu za mwanzo. Chukua likizo, au mwite mama mkwe. Huhitaji kumfuata jikoni, kuwepo kunatosha. Utaona anavyomnyamazisha mtoto anayelia, na hilo hakuna mdhamini anayeweza kukuambia kwa simu.

Pasipoti, vyeti, hati na dhahabu viwekwe mahali penye kufuli. Nywila ya simu ibaki yako. Neno la siri la Wi-Fi mpe, usimnyime. Akiwa na intaneti ataongea na kwao, na binti anayeongea na kwao kila jioni hana upweke unaomkimbiza.

Wapo wanaoacha noti ya elfu kumi mezani kumjaribu. Mimi naona ni utoto. Mwizi mzoefu atakurudishia noti hiyo kwa mikono miwili, "mama umesahau hela," na wewe utamkabidhi funguo za kabati.

Kamera ya usalama, kama unayo, mwambie ipo wapi. Isiwekwe chumbani kwake wala bafuni, kamwe.

Dalili za kukufanya umpigie mtu wako wa pili: anauliza sana ratiba zenu za kutoka na mahali funguo zinapokaa, simu zinazopokelewa nje ya geti, mtoto aliyekuwa mchangamfu anakuwa kimya au anaogopa kubaki naye. Hiyo ya mwisho usiisubiri wiki ya pili.

## Wageni wa aina nyingine

Fundi. Omba picha za kazi zake mbili na namba za wenye nyumba hizo, uwapigie. Hatua ya 2 ifanye kama ilivyo. Vifaa nunua mwenyewe au nenda naye dukani. Aje mchana, na jirani ajue.

Mnunuzi wa friji au kochi. Kitu kidogo kipeleke mahali pa watu, mbele ya duka au kituo cha mafuta. Kikubwa, kisogeze sebuleni karibu na mlango kabla hajafika, asipitishwe vyumbani. Akisema "nimeshatuma, angalia meseji," usiangalie meseji, angalia salio. Meseji ya muamala huja kwa jina la huduma, haiji kutoka kwa namba ya mtu, na hata ya jina inaweza kuigwa. Salio haliigwi.

Mgeni wa mapenzi. Mkutane kwanza mchana, mahali pa watu, zaidi ya mara moja, kabla ya mlango wa yeyote kati yenu. Januari 2024 wanawake walijaa mitaani Nairobi na miji mingine ya Kenya baada ya mauaji ya wanawake, mengine yakiwa yametokea kwenye nyumba za kupangisha kwa siku. Wanaume nao wanajua habari ya "kuwekewa mchele", dawa kwenye kinywaji, mtu anazinduka nyumba ni tupu. Kinywaji fungua mwenyewe, ukienda msalani usikirudie. Mtu mmoja awe na jina, namba na location yako, na saa ya kukupigia.

## Ukishatapeliwa

Usimtukane na usimblock kwanza. Ukiblock, unaweza kupoteza picha ya profaili, na akishtuka anafuta meseji. Piga skrinishoti za chati, namba, akaunti na muamala, zitume kwa mtu wako wa pili.

Pesa ikiwa imetoka dakika hizi, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100 kwa Tanzania, uombe muamala uzuiwe. Kenya kwa M-Pesa, peleka ile meseji ya muamala kwenda 456. Mpokeaji akishatoa pesa, nafasi ya kuirudisha ni ndogo sana, kwa hiyo piga simu kwanza, kulia baadaye.

Namba ya tapeli na ujumbe wake tuma kwenda 15040 Tanzania; wateja wa Safaricom Kenya hutumia 333. Kama mali imeibwa au kuna mtu ameumizwa, nenda polisi na skrinishoti zako, andikisha, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hatari ikiwa ndani ya nyumba sasa hivi, piga 112.

Kisha mpigie yule mtendaji wa Hatua ya 4. Ukiwa na namba yake na jina la baba wa binti, polisi wana pa kuanzia. Kama hukuwa nayo, watakuuliza akaunti yake inaitwaje.